Dubai, Aga Khan na mbio za Kentucky: farasi wa mnadani walishindwa, aliyezalishwa zizini akashinda

Jumamosi ya tarehe 3 Mei 2025, katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, farasi aitwaye Sovereignty aliwapita wenzake 18 kwenye uwanja uliolowa matope na kushinda mbio za Kentucky Derby. Kazi yote ilichukua dakika mbili na sekunde mbili hivi. Mwenye farasi si Mmarekani. Ni Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, mtawala wa Dubai, kupitia zizi lake la Godolphin. Alikuwa ameyatafuta mafanikio hayo kwa zaidi ya miaka 30.

Katika taarifa ya habari jambo kama hili hupita kwa sentensi mbili, kisha tunakwenda kwenye bei ya mahindi. Tumeona tulieleze hapa kwa maandishi, kwa sababu ukiondoa utajiri na kofia za kifahari za watazamaji, kinachobaki ni habari ya mifugo: mbegu, mnada, ugonjwa, na mchungaji anayemjua mnyama wake. Hayo wasikilizaji wetu wa Kilosa, Kimamba, Dumila na Mikumi mnayafahamu kuliko sisi.

Tuanze na mbio zenyewe. Marekani ina mbio za farasi karibu kila siku, lakini kuna tatu zinazobeba heshima kuliko nyingine. Ya kwanza ni hiyo Kentucky Derby, iliyoanza mwaka 1875, ya umbali wa kilomita mbili hivi. Wiki mbili baadaye huja Preakness, katika jimbo la Maryland. Wiki tatu baada ya hapo ni Belmont, New York, ambayo kwa kawaida ndiyo ndefu kuliko zote, karibu kilomita mbili na nusu. Farasi anayeshinda zote tatu katika mwaka mmoja anahesabiwa kuwa amevaa mataji matatu. Tangu mwaka 1919 wamefanya hivyo farasi 13 tu.

Ugumu uko kwenye umri. Farasi anayeruhusiwa ni wa miaka mitatu peke yake, si miwili wala minne. Tena wote huhesabiwa kuongeza mwaka tarehe 1 Januari, hata kama mmoja alizaliwa Februari na mwingine Mei. Kwa hiyo kila farasi ana nafasi moja tu maishani. Akiugua wiki hiyo, akajikwaa, mvua ikanyesha na yeye hapendi matope, basi imekwisha, hakuna kusema tutarudi mwakani. Kila mwaka huandikishwa Marekani watoto wa farasi wa mbio zaidi ya 15,000. Kwenye mstari wa kuanzia wa Kentucky kuna nafasi 20.

Sasa fedha. Zawadi ya Sovereignty siku ile ilikuwa dola milioni 3.1, zaidi ya shilingi bilioni 7 za kwetu. Ni nyingi, lakini haziwezi kueleza kwa nini mtu atumie mabilioni kwa miaka 30. Utajiri mkubwa unaanza farasi akishastaafu, na hapa tunawaomba wafugaji wa Parakuyo na Twatwatwa watusaidie kueleza. Ukiwa na dume bora la Borani, majirani watakuja. Watataka majike wao wapandwe na dume huyo, nao watakuwa tayari kutoa chochote, kwa sababu ndama atauzika. Kwa farasi ni hivyo hivyo, isipokuwa bei imepanda hadi mawinguni.

Imepandaje? Kwa ng'ombe, mbegu ya dume mmoja hugandishwa ikasafirishwa mbali, na ndiyo kazi ya kituo cha taifa cha uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha. Dume mmoja anaweza kuzaa ndama katika mikoa ambayo hajawahi kuikanyaga. Kwa farasi wa mbio wa aina hii, ambao huitwa Thoroughbred, uhimilishaji umepigwa marufuku duniani kote. Mtoto aliyepatikana kwa mrija haandikishwi, na asiyeandikishwa hakimbii. Lazima jike apelekwe kwa dume na wapandane kweli, mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Ndiyo maana mbegu inakuwa adimu, na kilicho adimu kina bei. Baba yake Sovereignty anaitwa Into Mischief. Mwaka 2025 ada ya kupandisha jike mmoja kwake ilikuwa dola 250,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 600, na dume wa kiwango hicho hupanda majike zaidi ya 150 kwa msimu. Kwa kawaida ada hulipwa mtoto akizaliwa, akasimama na kunyonya. Piga hesabu mwenyewe.

Hata hivyo mambo huharibika. Mwaka 2002 mwanamfalme wa Saudi Arabia, Ahmed bin Salman, alinunua sehemu kubwa ya farasi aitwaye War Emblem kwa dola 900,000, wiki tatu tu kabla ya Kentucky Derby. Farasi akashinda Kentucky, akashinda Preakness, na kule Belmont akajikwaa mlango ulipofunguliwa. Mwezi Julai mwaka huo huo mwanamfalme akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 43. War Emblem akauzwa Japani kwa kiasi cha dola milioni 17 ili awe dume la mbegu. Alipofika huko akakataa majike. Karibu wote waliopelekwa mbele yake aliwatazama akawaacha, na watoto aliowahi kuzaa ni wachache mno. Mnyama hana habari kwamba amelipiwa.

Wengi mtashangaa kusikia kwamba katika habari hii ya mbegu kuna jina ambalo kila Mtanzania analijua, nalo ni Aga Khan. Tunalijua kwa hospitali, shule na ule ukumbi wa Diamond Jubilee pale Upanga, Dar es Salaam. Ukumbi huo umebeba kumbukumbu ya mwaka 1946, Aga Khan wa tatu alipofikisha miaka 60 ya uongozi wa Waismailia na kupimwa kwenye mizani kwa almasi, Bombay kwanza, kisha Dar es Salaam mwezi Agosti. Bwana huyo huyo alikuwa mmoja wa wazalishaji wakubwa wa farasi duniani. Alishinda Derby ya Uingereza, ile ambayo Kentucky iliiga jina lake, mara tano. Mjukuu wake, Aga Khan wa nne, aliyefariki Februari 2025 mjini Lisbon, naye akaishinda mara tano. Mmoja wa farasi wa mjukuu, Shergar, alishinda mwaka 1981 kwa kuwaacha wenzake mbali sana, na miaka miwili baadaye akaibwa usiku na watu wenye silaha katika zizi la Ireland. Mpaka leo hajaonekana.

Lakini kinachotuhusu ni alichofanya babu. Mwaka 1922 alinunua farasi jike mdogo, rangi ya kijivu, aliyeitwa Mumtaz Mahal. Jike huyo alikuwa na mbio za ajabu, na alipostaafu akatumika kuzalisha. Kutokana na mabinti zake walizaliwa Mahmoud, aliyeshinda Derby ya Uingereza mwaka 1936, na Nasrullah, aliyezaliwa mwaka 1940. Kisha madume hawa mmoja baada ya mwingine wakauzwa Marekani. Blenheim, mshindi wa mwaka 1930, aliuzwa kwanza. Mahmoud na Bahram wakafuata mwaka 1940. Nasrullah alipitia mikono mingine na kufika Kentucky mwaka 1950. Waingereza walimlaumu sana Aga Khan kwa kuuza mbegu nje.

Matunda yake yaliwapa haki ya kulaumu. Mtoto wa Blenheim, Whirlaway, alivaa mataji yote matatu ya Marekani mwaka 1941. Nasrullah alimzaa Nashua na Bold Ruler, ambao nao walishinda katika mbio hizo kubwa, na Bold Ruler akamzaa Secretariat. Huyu Secretariat ndiye aliyevaa mataji matatu mwaka 1973, na Belmont aliishinda kwa urefu wa farasi 31. Ukitazama picha ya kumalizia, wenzake hawamo. Muda aliouweka katika mbio za Kentucky mwaka huo haujavunjwa hadi sasa. Kwa hiyo Aga Khan hakushinda Kentucky Derby, ila mbegu ya zizi lake imeishinda mara nyingi kwa majina ya watu wengine.

Tukirudi Dubai, tunamkuta mtu aliyeanza kwa njia tofauti. Mtawala huyo wengi wetu tumelisikia jina la mji wake kwa sababu ya biashara, na tangu mwaka 2023 kwa sababu ya DP World na bandari ya Dar es Salaam. Kwa watu wa farasi alijulikana mapema zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na ndugu zake walitua kwenye minada ya Kentucky wakiwa na fedha ambazo wenyeji hawakuwahi kuziona, wakashindana na kundi la matajiri wa Uingereza na Ireland. Mnada ni mnada, uwe wa ng'ombe Dumila au wa farasi Kentucky: watu wawili wakitaka mnyama mmoja na hakuna anayetaka kushindwa mbele za watu, bei inaacha kumhusu mnyama. Mwaka 1983 Sheikh Mohammed alilipa dola milioni 10.2 kwa farasi mdogo aliyekuja kuitwa Snaafi Dancer. Hakukimbia hata mara moja. Walipomgeuza dume la mbegu wakagundua uwezo wake wa kuzaa ni hafifu. Wapinzani wake nao hawakupona. Mwaka 2006, huko Florida, walimshinda kwa kutoa dola milioni 16, takribani shilingi bilioni 40 kwa thamani ya leo, kwa farasi aitwaye The Green Monkey. Huyo alikimbia mara tatu na hakushinda hata moja.

Kwenye Kentucky Derby yenyewe ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1992 Arazi, ambaye nusu yake ilikuwa ya Sheikh, alikwenda akiwa ndiye anayetarajiwa kuliko wote, akamaliza wa nane. Mwaka 1999 Godolphin ilimleta Worldly Manner baada ya kumfanyisha mazoezi Dubai majira yote ya baridi, akawa wa saba. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya Thunder Snow. Mlango ulipofunguliwa akaanza kurukaruka na kurusha mateke kama punda aliyefungwa mzigo vibaya, mpandaji akamzuia, mbio zikaisha kwake kabla hazijaanza. Ajabu ni kwamba farasi huyo huyo alishinda mbio kuu za Dubai miaka miwili mfululizo baada ya hapo, 2018 na 2019. Ubora alikuwa nao. Alichokosa ni mazingira: safari ya ndege ya saa nyingi, uwanja mgeni, makelele ya watu zaidi ya 150,000, na farasi 20 wanaorushiana udongo usoni kwenye kona ya kwanza.

Kilichobadilika, kwa maoni yetu, ni mambo mawili. Farasi waliachwa Marekani mikononi mwa wakufunzi wa huko, walale huko, wakimbie huko, wazoee udongo wa huko. Na badala ya kutegemea mnada, mashamba ya Sheikh kule Kentucky yakawa yanazalisha yenyewe. Mwaka 2006 farasi aliyezaliwa katika mashamba hayo, Bernardini, alishinda Preakness. Akawa dume la mbegu. Mmoja wa mabinti zake, aitwaye Crowned, akapandishwa kwa Into Mischief, na mtoto aliyezaliwa ndiye Sovereignty. Yaani mshindi wa mwaka 2025 hakununuliwa popote. Babu yake wa upande wa mama alishinda taji moja miaka 19 kabla, akiwa mali ya mtu yule yule. Mwezi Juni 2025 Sovereignty akashinda na Belmont. Preakness hakuikimbia kabisa. Waliona wiki mbili hazitoshi kumpumzisha, na kwa mtu aliyesubiri miaka yote hiyo kuacha nafasi ya mataji matatu ili mnyama apumzike ni uamuzi unaostahili kutajwa.

Mkufunzi wake ni Bill Mott, mzaliwa wa South Dakota, mzee mwenye sifa ya subira. Kazi ya mkufunzi unaweza kuifananisha na ya kocha wa Simba au Yanga, ila kocha huyu ana wachezaji wasiosema wanapoumwa. Yeye ndiye anayeamua chakula, mazoezi, daktari, mbio za kukimbia na za kuacha. Kwa kawaida hulipwa ada ya kila siku kwa kila farasi, na asilimia 10 ya zawadi akishinda. Matajiri humfuata mkufunzi anayeshinda kwa sababu ile ile inayowafanya watu kupanga foleni kwa fundi mmoja na kumwacha jirani yake akiwa amekaa.

Mwenye jina kubwa zaidi kwa miaka ya karibuni ni Bob Baffert wa California, na kwake ndipo tunapoona upande mwingine wa harakati hizi. Wageni wengi wamepita kwake. War Emblem alikuwa wake. American Pharoah, aliyevaa mataji matatu mwaka 2015 baada ya Marekani kusubiri miaka 37, alikuwa wa Ahmed Zayat, mzaliwa wa Misri. (Zayat mwenyewe alitangaza mahakamani kufilisika mwaka 2020. Kumiliki farasi bora duniani hakukumzuia.) Mwaka 2021 Baffert akaleta Medina Spirit, mali ya mfanyabiashara wa Saudi Arabia, Amr Zedan. Farasi huyu aliwahi kuuzwa kwa dola 1,000 tu alipokuwa mdogo. Akafika wa kwanza Kentucky. Vipimo vikaonyesha dawa ya kupunguza uvimbe ambayo hairuhusiwi mwilini siku ya mbio, ushindi ukafutwa, na mkufunzi akafungiwa na uwanja ule hadi mwaka 2024. Medina Spirit hakuusikia uamuzi huo, kwa sababu alianguka na kufa mazoezini Desemba 2021. Na mwaka 2023, katika wiki za kabla na baada ya Kentucky Derby, farasi 12 walikufa katika uwanja huo hata mbio zikahamishiwa kwingine. Mnyama wa miaka mitatu mifupa yake bado inakomaa, na anakimbizwa kwa ratiba isiyomsubiri. Tunaposifu washindi na hilo liwemo.

Kuna jambo moja la historia ambalo halitajwi sana. Katika Kentucky Derby ya kwanza, mwaka 1875, wapanda farasi 13 kati ya 15 walikuwa watu weusi. Mshindi, Aristides, alipandwa na Oliver Lewis na kufunzwa na Ansel Williamson, aliyezaliwa utumwani. Isaac Murphy alishinda mara tatu kati ya mwaka 1884 na 1891. Jimmy Winkfield alishinda 1901 na 1902, na baada yake hakuna mpanda farasi mweusi aliyeshinda tena. Hawakuisha ujuzi. Ubaguzi uliwaondoa viwanjani, na Winkfield akaenda kutafuta riziki Urusi. Ujuzi wa farasi Marekani ulijengwa kwa sehemu kubwa na vizazi vya Waafrika waliolazimishwa kuwatunza wanyama wasio wao.

Mtu atauliza: mbona kwetu hakuna farasi, na Mikumi imejaa pundamilia? Jibu ni magonjwa. Mbung'o wa ukanda huu hueneza nagana, ambayo huua farasi haraka, na kuna ugonjwa mwingine unaoitwa homa ya farasi ya Afrika, unaoenezwa na visubi wadogo wanaouma usiku. Pundamilia hubeba vimelea vya ugonjwa huo bila kuumwa. Farasi akivipata, mara nyingi hufa. Ndiyo maana hapa mizigo hubebwa na punda. Mbio za farasi zilizo karibu nasi ziko Nairobi, kwenye uwanja wa Ngong, mahali penye baridi, ambako hukimbiwa Derby ya Kenya.

Farasi wengi mtakaowaona huku, basi, ni wale wa kwenye simu na kwenye vibanda vya kubeti, na hapa tuseme wazi. Farasi wale hawapo. Hawana baba, hawana mkufunzi, hawaogopi matope. Ni picha zinazoendeshwa na programu ya kompyuta inayochagua namba kwa kubahatisha, na mbio inayofuata haina uhusiano wowote na iliyopita. Mtu anayekwambia amesoma mwenendo wa farasi namba nne anakudanganya au anajidanganya. Hata Kentucky, kwenye farasi wa kweli wenye historia ya kusoma, dau zote hukusanywa pamoja, uwanja ukachukua zaidi ya dola 15 katika kila dola 100, kisha kinachobaki ndicho hugawanywa kwa walioshinda. Pale wapo watu waliomsoma farasi maisha yao yote, na mwaka 2022 alishinda Rich Strike, ambaye karibu hakuna aliyemtazama. Dau la dola moja kwake lililipa dola 80.

Kwa atakayetaka kufuatilia mbio zenyewe: Kentucky Derby hukimbiwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi Mei. Kule huwa ni jioni, na kwetu inakuwa karibu saa nane usiku wa kuamkia Jumapili. Matokeo tutayasoma kwenye taarifa ya asubuhi.